Samaki wetu wa darasani hufa Jumatatu

BARUA

Mshauri, hujambo?

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 7 katika shule moja hapa Kisumu. Naomba nisijulikane, kwa sababu wazazi husoma safu hii, na mwalimu mkuu pia.

Muhula huu tulianza kufuga samaki darasani. Wazo nililipata kwenye video ya watoto wa shule Marekani wanaolea samaki aina ya salmoni katika tangi la kioo, tangu mayai hadi siku ya kuwaachilia mtoni. Wanafunzi wangu walipoiona hawakunipa amani. Salmoni hapa hatuna, kwa hivyo tukakubaliana tufuge ngege, yaani tilapia. Wazazi wakachanga shilingi 200 kila mmoja. Fundi akatutengenezea tangi, maji yake ni lita 120. Tukanunua mashine ya hewa ya wati 5, kichujio cha sponji, kipimajoto, karatasi za kupima pH (kiwango cha asidi au alkali ya maji), nusu kilo ya chakula cha vifaranga chenye protini asilimia 45, na vifaranga 200 wa gramu moja moja hivi. Walifika kwenye mfuko wenye oksijeni, wazima wote.

Leo ni wiki ya nne na tumebaki na 68. Watoto huandika kila kitu kwenye chati ukutani, kwa hivyo hesabu ninayo: wiki ya kwanza walikufa 9, ya pili 34, ya tatu 52, na hii ya nne 37. Kati ya hao 132, tuliwakuta 81 Jumatatu asubuhi. Linaloniuma ni kwamba wanaotangulia ni wale wanene, tuliokuwa tukijivunia.

Usafi hatuuchezei. Kila Ijumaa alasiri tunawatoa samaki kwenye karai, tunamwaga maji yote, tunasugua kioo, tunaosha sponji chini ya mfereji mpaka iwe nyeupe, tunajaza maji mapya ya mfereji na kuwarudisha. Kisha mvulana niliyempa jukumu la chakula huwapa cha siku tatu, kwa kuwa wikendi hakuna mtu shuleni. Siku nyingine kila mtoto hupenda kuwatupia kidogo. Darasa lina watoto 42. Ile nusu kilo iliisha juzi, siku ya 20 ya shule.

Joto la maji ni nyuzi 23 asubuhi na 28 mchana. pH saa nane mchana ni 8.2. Tangi liko dirishani, na mashine ya hewa tumeiweka sakafuni chini ya meza ili isitupigie kelele. Jumatatu ya wiki ya tatu tulikuta dimbwi la maji pale chini. Nilidhani kioo kimepasuka, lakini nimekikagua na sikuona ufa.

Waliokufa huwa na utando mweupe kama pamba kwenye mkia na mapezi. Katika duka la dawa za mifugo nilipewa unga wa antibiotiki wa kuku. Jumatano niliweka kijiko kimoja, maji yakageuka manjano na kutoa povu, na Alhamisi wakafa 11.

Sasa yule mvulana wenzake wanamwita "Mazishi". Hataki kulikaribia tangi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipopandwa na hasira nilimuuliza mbele ya darasa zima ni kitu gani amewatilia. Siku ya wazazi ni wiki tatu zijazo na mwalimu mkuu ameuweka mradi wetu kwenye ratiba: tuwaonyeshe samaki, halafu twende ufuo wa Dunga tukawaachilie katika Ziwa Victoria. Nimefikiria mambo matatu. Nifunge mradi nirudishe pesa zilizosalia. Nitafute dawa kali zaidi. Au Jumapili moja nitoe pesa zangu mfukoni, ninunue vifaranga 130, niwatie kabla watoto hawajaingia darasani, na mambo yaishe. Nifanye lipi?

Mwalimu Mwenye Tangi, Kisumu

JIBU

Mwalimu, pole sana. Kuwaokota samaki kila Jumatatu mbele ya watoto 42 si jambo dogo, na umeandika kwa uwazi ambao wengi wetu hatuuwezi, hata pale usipojipendelea. Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo mitatu kwa mkono mmoja: samaki wanaokufa, mtoto aliyepachikwa jina baya, na siku ya wazazi inayokimbia kuja. Jambo ambalo umelichukulia kuwa la hakika, na ambalo ningeomba tuliangalie upya, ni kwamba samaki hawa ni wagonjwa.

Ugonjwa hauna kalenda. Viini vya maradhi havijui kwamba Ijumaa shule hufungwa. Samaki 81 kati ya 132 wakifa mwisho wa wiki, swali la kwanza ni nini hufanyika Ijumaa ambacho hakifanyiki siku nyingine. Barua yako imejibu nusu ya swali hilo bila kujua.

Tuanze na lile dimbwi. Kioo hakina ufa, mashine ya hewa iko sakafuni, na mpira wake unaingia ndani ya maji yaliyo juu ya meza. Mashine ikiwa inafanya kazi, hewa husukuma maji yasishuke. Ikizimika, maji hupanda ndani ya mpira, huvuka ukingo wa tangi, kisha hushuka yenyewe hadi kwenye mashine na sakafuni, kama mtu anavyonyonya petroli kwa mpira. Dimbwi hilo linaniambia kwamba wikendi ile stima ilikatika, au ilizimwa. Kuna shule ambazo huzima swichi kuu Ijumaa jioni kwa kuogopa moto na bili. Muulize soja, lakini muulize kama mtu anayetaka kujua utaratibu. Kama huzima, anafuata maagizo aliyopewa, na hakuna aliyemwambia kwamba darasani kuna viumbe wanaopumua kwa soketi.

Hesabu yake, kwa makadirio, ni hii. Maji ya nyuzi 26 hivi kwenye mwinuko wa Kisumu hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 7 kwa lita. Lita 120 zina chini ya miligramu 850. Vifaranga 200 wenye jumla ya gramu 300 wanaweza kutumia zaidi ya miligramu 100 kwa saa, na chakula cha siku tatu kinachooza chini kinavuta sehemu yake. Uso wa maji hurudisha kidogo, lakini mashine ikizimwa saa kumi na moja jioni, kabla ya usiku wa manane samaki wameshapanda juu kutafuta hewa. Na pale oksijeni inapokwisha, wanaotangulia mara nyingi ni wakubwa, kwa sababu mahitaji yao ni makubwa. Sumu ndani ya maji kwa kawaida huwaangusha wadogo na wanyonge kwanza. Wewe umesema wanene ndio hufa mwanzo.

Je, na ile pamba nyeupe? Hapa nakuuliza swali moja: umewahi kuiona kwa samaki aliye hai, anayeogelea? Barua yako inataja waliokufa tu. Kuvu wa majini huota juu ya mzoga ndani ya siku moja au mbili, kama ukungu juu ya mkate. Samaki aliyekufa Ijumaa usiku ana haki ya kuwa na manyoya Jumatatu. Ukiikuta kwa aliye hai, itazame kwa karibu. Nyuzi ndefu zinazopepea kama pamba iliyochambuliwa ni kuvu, ambaye kwa kawaida hushika penye jeraha. Utando mfupi wa kijivu au manjano, uliolala kama tandiko mgongoni au unaokula kingo za mapezi, huenda ukawa bakteria wanaopenda maji ya joto, na hao huua haraka. Mambo hayo mawili hufanana kwa mbali na hayatibiwi kwa njia moja.

Hata hivyo, stima haielezi vifo vyote. Kuna 51 waliokufa katikati ya wiki, na hapo ndipo ile video ya Marekani ilipokuponza. Si kosa lako, maana video haisemi ni kitu gani kinachoifanya ifanikiwe. Madarasa ya kule, tuseme jimboni Washington, hupokea mayai ambayo macho ya samaki yameshaanza kuonekana. Mashine ya kupoza huyaweka maji kwenye nyuzi 10 hivi. Yakianguliwa, vifaranga hubeba kifuko cha kiini tumboni na huishi kwa hicho kwa wiki kadhaa bila kulishwa kitu. Katika muda huo wote hakuna chakula kinachoingia kwenye tangi. Wewe uliweka samaki 200 walao tangu siku ya kwanza, ndani ya maji ya nyuzi 28, kwenye tangi lililojengwa juzi.

Samaki akila protini, hutoa taka iitwayo amonia kupitia matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia. Ulitumia gramu 500 kwa siku 20, yaani gramu 25 kwa siku. Chakula cha protini asilimia 45 hutoa amonia takriban asilimia 4 ya uzito wake, kwa hivyo ni gramu moja hivi kila siku. Igawanye kwa lita 120 upate zaidi ya miligramu 8 kwa lita, kila siku. Si yote iliyo sumu. Sehemu yenye sumu hupanda kadiri joto na pH zinavyopanda. Katika maji ya salmoni, nyuzi 10 na pH 7, ni sehemu 2 tu kati ya 1,000. Katika maji yako ya saa nane mchana, nyuzi 28 na pH 8.2, ni karibu sehemu 1 kati ya 10. Samaki hawa huanza kupoteza hamu ya kula sumu hiyo ikifika miligramu 0.08 kwa lita, na wakikaa muda mrefu kwenye 0.2 wale dhaifu huanza kufa. Hesabu yangu ni ya juu, maana mimea midogo ya dirishani hula amonia kiasi na maji huyabadilisha kila Ijumaa. Ila ukiipunguza hata kwa nusu bado ni mbaya. Hiyo mimea nayo ina hila: kwenye mwanga mkali huipandisha pH mchana, kwa hivyo tangi likisogezwa mbali na dirisha unapata nafuu bila gharama.

Wa kuimaliza amonia ni bakteria wanaoishi kwenye sponji. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi kikubwa. Wanahitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Ninyi kila Ijumaa mmewaosha kwa maji ya mfereji yenye klorini mpaka sponji ikawa nyeupe. Sponji nyeupe, mwalimu wangu, ni nyumba tupu. Kichujio kizuri hupendeza kikiwa na rangi ya matope. Maji ya mfereji yenyewe yakimwagwa moja kwa moja, klorini huunguza matamvua. Kwa hivyo Ijumaa samaki wako hupata klorini, kichujio kipya kisicho na kazi, karamu ya siku tatu, na baadaye jioni hewa hukatwa. Ni vigumu kujua, kutoka huku nilipo, kila kimoja kimeua wangapi.

Unaweza kujua zaidi kwa macho yako. Akifa samaki mbichi, ambaye hajavimba wala kupauka macho, funua kifuniko cha shavu uone matamvua. Mekundu kama damu mpya, mdomo ukiwa wazi na mashavu yametanuka, fikiria kukosa hewa. Ya kahawia kama chai iliyokolea, fikiria nitriti, ambayo huharibu damu isibebe oksijeni hata mashine ikiwa inavuma. Yaliyopauka na kujaa ute, fikiria klorini, amonia au vijidudu vya matamvua. Jaribio jingine ni la karai. Weka lita 20 za maji yaliyopumzika siku nzima, yenye joto lilelile la tangi, weka jiwe la hewa (lile la mwisho wa mpira linalotoa viputo), kisha hamishia humo samaki 5 wanaohema juu juu. Wakitulia ndani ya saa moja au mbili, tatizo liko kwenye maji ya tangi. Wakiendelea kuhema na kujikuna kwenye kuta za karai, huenda kuna vimelea, na hilo huonekana kwa darubini. Ofisi ya uvuvi ya kaunti, au kituo cha taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, hapo hapo Kisumu, ndipo pa kuuliza kuhusu kipimo hicho na kile cha amonia. Peleka samaki walio hai kwenye maji yao. Mzoga wa juzi hausomeki.

Ni kweli kwamba ugonjwa halisi unaweza kuwa umejipenyeza juu ya haya yote, kwa kuwa samaki aliyechoshwa na maji mabaya hushikwa na kila kipitacho. Ndiyo maana sikuambii kwamba hakuna ugonjwa. Nakuambia tu kwamba dawa ndani ya maji haya ni kumtibu mtu kikohozi huku amefungiwa jikoni lenye moshi.

Sasa njia zako.

Dawa kali zaidi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Antibiotiki ya kuku imepimwa kwa kuku. Ndani ya tangi hujui samaki amepata kiasi gani, na inaweza kuwadhuru bakteria wa sponji unaowahitaji. Kama Jumatano uliweka dawa na Alhamisi wakafa 11, siwezi kuapa kwamba ni dawa, lakini povu lile halinipi imani. Punguza mabaki yake kwa kubadilisha sehemu ya maji kila siku, na samaki hawa wasiliwe.

Kununua 130 kwa siri naelewa kunakotoka. Unataka kuwaokoa watoto wasionekane wameshindwa. Fikiria mambo mawili kabla hujatoa pesa. Kwanza, vifaranga wapya wataingia katika maji yaleyale na Ijumaa ileile, huku bakteria wakiwa wachache na midomo ikiwa mara tatu. Pili, chati iko ukutani. Watoto waliohesabu samaki 68 mmoja mmoja watakuta 198, na watajua. Yule mvulana atajua kuliko wote. Hata hivyo moyo wako ndio utakaokaa na siri hiyo, na ni wewe unayejua shule yako.

Kufunga mradi si aibu. Unaweza kuwapeleka waliobaki kwa mfugaji mwenye bwawa, ukimwambia wazi kwamba walitiwa dawa, ukaendesha tangi tupu kwa mwezi: mashine ikivuma, sponji ndani, na chembe za chakula kila siku ili bakteria wapate amonia ya kulia. Mkipima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili, watoto wataona ya kwanza ikipanda na kushuka, kisha ya pili vilevile. Zote zikirudi sifuri, tangi liko tayari. Hatari yake ni kwamba siku ya wazazi itafika kabla ya hapo, na utaonyesha maji matupu yenye grafu. Wazazi wengine watacheka. Wengine watauliza maswali mazuri.

Njia nyingine ni kubaki na hawa 68, au bora zaidi 40, wengine ukawapa mfugaji huyo. Ukiichagua, usiwalishe kwa siku mbili. Vifaranga wa ukubwa huu hawafi kwa njaa ya siku mbili, na hata wikendi nzima bila chakula ni salama kuliko karamu ya Ijumaa. Kila siku toa lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu, ukinyonya uchafu wa chini kwa mpira (asinyonye mtoto kwa mdomo), kisha rudisha maji yaliyokaa kwenye beseni wazi tangu jana yake, ikiwezekana na jiwe la hewa ndani. Mtungi uliofungwa kifuniko huachia klorini polepole sana. Tia chumvi ya kawaida gramu 120, iliyoyeyushwa kwanza kwenye ndoo na kumiminwa kwa awamu tatu ndani ya saa chache. Huizuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Baadaye kila ukibadilisha lita 30 ongeza gramu 30 tu, maana chumvi haipotei kwa mvuke. Sponji ikizibwa, ikamue mara mbili au tatu ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi.

Baada ya siku hizo mbili, samaki 68 wa gramu 2 hivi watatosheka na gramu 4 kwa siku, nusu asubuhi na nusu saa nane. Pimeni gramu 2 kwa mizani ya maabara mara moja, mziweke kwenye kifuniko cha chupa ya soda, mtie alama ya kalamu pale zilipofika. Kuanzia hapo, chakula ni kifuniko, na mwenye kifuniko ni mmoja. Hao 41 wengine wagawanye kazi: joto, pH, hesabu, maji. Mwenye kidonda asiingize mkono, na kila aliyegusa maji anawe kwa sabuni baada ya kazi, kamwe si kabla ya kutia mkono tangini bila kusuuza, maana sabuni ni sumu kwa samaki.

Hatari ya njia hii ni kwamba wengine watakufa bado. Matamvua yaliyoungua hayaponi kwa usiku mmoja, na bakteria wanaanza upya. Ukiichagua, waambie watoto hivyo mapema.

Njia yoyote unayochukua, stima inakuja kwanza. Pandisha mashine juu ya usawa wa maji leo hii, itundike kwenye msumari, au weka vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi kwenye mpira. Wati 5 kwa saa 62, kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, ni chini ya thuluthi moja ya yuniti. Mpelekee mwalimu mkuu hesabu hiyo kwenye karatasi. Ni rahisi kuikubali kuliko ombi la jumla la "stima isizimwe". Asipokubali, usidanganywe na betri ndogo ya pikipiki: ya volti 12 na Ah 7 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi), ukitumia nusu yake kama inavyoshauriwa, itaisha ndani ya saa nane. Utahitaji paneli ya wati 40 hivi na betri ya Ah 18, au kupunguza samaki hadi 15, ambao nafasi yao ya kuvuka usiku bila mashine ni bora zaidi.

Kuhusu Dunga, ningependa mzungumze tena. Vifaranga wa kununua mara nyingi ni tilapia ya Nile, na wengi hulishwa homoni wakiwa wachanga ili wawe madume. Wa kwenu wametoka kwenye maji yenye dawa na pengine vimelea. Ziwa lina historia ndefu ya samaki walioletwa kwa nia njema. Ngege wa asili, yule Oreochromis esculentus ambaye wazee wenu walimla, karibu atoweke katika ziwa kuu, na mojawapo ya mahali alikosalia ni Ziwa Kanyaboli huko Siaya. Wenzetu wa salmoni huachilia samaki wa mto uleule, kwa kibali. Nanyi waulizeni watu wa uvuvi wa kaunti kwanza. Huenda bwawa la mzazi mmoja huko Ahero likawa safari nzuri vilevile.

Nimemweka mtoto mwisho, ingawa nadhani ndiye aliyekufanya uandike. Aliwapa samaki chakula cha siku tatu kwa sababu mwalimu wake alimwagiza. Hilo unalijua, na pengine ndilo linalokunyima usingizi. Ulimuuliza mbele ya darasa. Kama utaamua kulirekebisha, mbele ya darasa pia ndipo neno hilo litamfikia vizuri, kuliko kumnong'onezea ofisini. Huhitaji hotuba. Unaweza kuichukua ile chati, kuwaomba watoto wapake rangi Jumatatu zote, na kuwauliza kinachotokea Ijumaa. Wakifika kwenye chakula, sema wewe mwenyewe nani alitoa agizo. Lakini wewe ndiye unayemfahamu. Kuna watoto ambao kutajwa tena hadharani, hata kwa wema, ni adhabu ya pili, na huyo ungemwendea kwanza peke yake, ukamsikiliza kabla hujaeleza.

Jumatatu ijayo mwombe, akikubali, afike nawe mapema kabla ya kengele, asome kipimajoto na kuhesabu walio hai. Na akiwapo aliyekufa, mfunue tamvua kabla hujamzika, mtuandikie lina rangi gani.